Kamera haipigi hodi

Uyole, Mbeya

Mwanangu Atupele,

Marahaba. Huku ni Julai, na baridi ya Uyole unaijua, sina haja ya kuieleza.

Umeniuliza kama ni kukosa adabu kwenda na wenzako wa uuguzi kwenye lile ziwa wanakooga bila nguo. Nianze na la mwili, maana ni fupi. Huko kwa Wajerumani jambo hilo wanaliita FKK, yaani utamaduni wa mwili huru, na chama chake cha kwanza kilianzishwa Essen mwaka 1898. Lina masharti: unakalia taulo lako, humkodolei mtu macho, kamera inabaki begini. Ni hodi ileile ya mtoni kwetu, anayekaribia akikohoa kwa mbali ili wanaooga wajue kuna mtu. Kwenda au kutokwenda utaamua mwenyewe, wewe ni mtu mzima. Shangazi yako akiuliza, mimi sijui kitu.

Kinachoninyima usingizi ni picha. Hao wa FKK wanaooga bila nguo, wanaturisti kama wanavyojiita, wamejilinda miaka yote kwa kukataza kamera, na katazo hilo sasa halitoshi, kwa sababu akili mnemba (AI) haihitaji ukutwe huna nguo. Picha ya mahafali yenye gauni hadi kwenye kifundo cha mguu inaitosha.

Elewa inavyofanya kazi, ili siku moja usije ukaamini kwamba umeonekana kweli. Programu za kughushi picha za uchi hazivui nguo. Zinafuta sehemu ya picha yenye nguo, kisha zinaijaza kwa kubahatisha, zikifuata zilichojifunza kwenye mamilioni ya picha za watu wengine. Mkusanyo mmoja wa kufundishia programu za picha, uitwao LAION-5B, uliotolewa 2022 na kikundi cha Hamburg, hukohuko Ujerumani, ulikuwa na viungo (linki) vya picha zaidi ya bilioni 5 zilizozolewa mtandaoni. Desemba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakakuta ndani yake hata viungo vya picha za watoto waliodhulumiwa, ukaondolewa. Beleshi hilo halichagui: picha ya harusi, ya mgonjwa, ya familia ya wanaturisti iliyowekwa wazi kwa nia njema, zote zinaingia gunia moja. Kwa hiyo kiwiliwili kinachobandikwa chini ya uso wako si chako. Kimeokotezwa kwa watu ambao hawakuulizwa. Uso ndio wako, na kwa mtu mwenye nia mbaya uso unatosha.

Biashara hii si ngeni. Programu ya DeepNude ilitoka Juni 2019, ikaondolewa na walioitengeneza baada ya siku chache tu, lakini nakala zikaendelea kuzagaa. Agosti 2024 mwanasheria wa jiji la San Francisco alizishtaki tovuti 16 za aina hiyo kwa mkupuo. Ukifunga moja, nyingine inafunguliwa kwa jina jipya.

Wanaturisti wenyewe wamebanwa pande mbili. Vichujio vya mitandao mikubwa vinatambua ngozi, havitambui nia, hivyo akaunti zao halali zinafutwa. Wakihamia kwenye makundi ya pembeni wanawakuta wanaturisti bandia: mwanamke wa kutengenezwa, anatabasamu ufukweni, siku ya tatu anasema "nitumie na wewe". Ukituma, kesho yake anadai hela. Zamani, ili kugundua picha ya kughushi, tulikuwa tukihesabu vidole na kusoma maandishi ya mabango nyuma ya mtu. Dosari hizo zinapungua kila toleo jipya, usizitegemee. Mwombe mtu akupigie simu ya video palepale, ageuze uso hadi sikio lionekane, apitishe kiganja polepole mbele ya pua. Sura ya kubandika mara nyingi huyumba hapo. Isipoyumba, bado si uthibitisho kamili. Na kundi linalodai picha ya uchi kama kiingilio, toka. Hiyo si FKK.

Kwenye simu yako: picha ya wasifu ya WhatsApp waione uliowahifadhi tu. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera. Picha ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp huondoa taarifa za mahali. Ikitumwa kama faili, zinakwenda nayo. Kupunguza ukubwa wa picha au kuandika jina juu yake hakuzuii chochote, kunachafua tu picha.

Ikitokea umeghushiwa picha, mpangilio wa hatua ndio muhimu, kwa sababu wengi huanza na kuripoti, picha inafutwa na ushahidi unakwenda nayo. Kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha kiungo kizima, jina la akaunti, tarehe na saa. Usilipe, anayelipwa mara moja hurudi. Usiisambaze kwa mtu, hata kwangu. Ndipo uripoti kwenye mtandao husika. Kisha ingia StopNCII.org, tovuti ya kuzuia picha za utupu zisisambae bila ridhaa, inayopokea wenye miaka 18 na zaidi, na picha za kughushi pia. Simu yako yenyewe hutengeneza alama ya tarakimu ya picha, mithili ya alama ya kidole, na alama tu ndiyo hutumwa. Picha haitoki kwako. Andika namba ya kesi na PIN kwenye daftari. Udhaifu wake: inafanya kazi kwenye kampuni zilizojiunga tu, na picha iliyokatwa au kubadilishwa inaweza kupenya.

Polisi wa huko wape ushahidi huo. Wajerumani wana sheria ya mwaka 1907 inayokataza kusambaza sura ya mtu bila ridhaa yake. Ilizaliwa baada ya wapiga picha wawili kujipenyeza kumpiga picha Bismarck, kansela wao wa zamani, akiwa maiti, 1898. Kwetu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Mdogo wako bado hajafika 18, kwake ni tofauti: picha ya namna hiyo usiihifadhi wala kuipiga skrini. Andika kiungo na jina la akaunti tu, nenda polisi, na kama picha tayari imo kwenye simu yake, tumia huduma ya Take It Down ya NCMEC, kituo cha Marekani cha kulinda watoto, inayofanya kama StopNCII kwa walio chini ya miaka 18.

Ile picha yako ya kitenge cha bluu uliyoiacha wazi kwa kila mtu, ibadilishe leo iwe ya marafiki tu. Mjomba wako nitamwambia mwenyewe aondoe aliyoiweka kwenye statasi.

Mama yako