Uchochoro uliozibwa usiitwe uchochoro usiotumika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam hupita kimyakimya: maombi ya wamiliki wa viwanja wanaotaka wamegewe uchochoro, au kipande cha hifadhi ya barabara kinachopakana nao, kwa hoja kwamba hakitumiki. Mtaani kwetu Magomeni lipo ombi la namna hiyo, na tumeambiwa kwamba wataalamu wa mipango miji wanalipitia kabla halijafikishwa kwenye Baraza la Madiwani.

Uchochoro wenyewe una upana wa futi kumi hivi, nao unapita nyuma ya nyumba sita na kutokea barabara ya pili. Sitaki kuupamba. Unanuka, mvua za masika zikinyesha hujaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu, na usiku hakuna mzazi anayemtuma mtoto dukani kwa kupitia huko. Lakini ukisimama upande wa mashariki utaona kwa nini haupitwi: kuna geti la chuma lenye kufuli, na pembeni yake jiwe la mpaka lililofukiwa nusu kwenye zege la kibaraza, kiasi kwamba namba yake imebakiza tarakimu mbili tu zinazosomeka. Geti hilo liliwekwa miaka minane iliyopita kwa maelezo kwamba ni la kuzuia vibaka, na sisi majirani tukaliridhia kwa kuwa vibaka walikuwapo kweli. Mwenye geti ndiye mwombaji wa leo. Anasema hakuna anayepita, na anasema kweli.

Ndiyo maana naona kwamba swali la kama njia inatumika haliwezi kujibiwa kabla ya kuulizwa nani aliyeifunga, na lini. Geti lilipokuwa halijawekwa, gari la majitaka liliingiza mpira wake kwa nyuma hadi kwenye mashimo ya vyoo. Sasa mpira huo hupitishwa mlango wa mbele, katikati ya ukumbi, juu ya sakafu ambayo mikeka imekwisha kukunjwa, na wapangaji hukaa barazani wakiziba pua mpaka kazi iishe. Aidha, chini ya uchochoro limepita bomba la maji linalohudumia nyumba zote sita. Likipasuka baada ya ardhi hiyo kumegwa, fundi atalazimika kubisha hodi na kuomba ruhusa ya kuvunja sakafu ya mtu.

Jiji hili lina ushahidi wake kuhusu njia zilizodhaniwa hazina kazi. Oktoba 2012 reli iendayo Ubungo, ambayo wengi wetu tulikuwa tukiivuka bila hata kugeuza shingo, ilianza kubeba abiria kutoka Stesheni asubuhi na jioni. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Mei 2016 yasingepata pa kupita kwenye Barabara ya Morogoro kama upana wake ungekuwa umekwisha kugawiwa kipande kwa kipande. Na mwaka 2017, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, tuliona upande mwingine wa jambo hilohilo: hifadhi ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara ilikuwa imeachwa bila ulinzi kwa muda mrefu, watu wakajenga, wakaunganishiwa umeme na maji, kisha zikaja X nyekundu na tingatinga, ili ipatikane nafasi ya barabara ya njia nane yenye urefu wa kilometa 19.2. Nadhani aliyewafumbia macho miaka yote hiyo hakuwatendea hisani.

Najua nitajibiwa kwamba futi kumi za Magomeni si Barabara ya Morogoro. Ni kweli. Wala sipingi kwamba zipo njia zinazoweza kuachiwa. Baadhi zilichorwa kwenye ramani zikaishia kwenye korongo, na hapana mtu atakayepita humo. Hata hizo, hata hivyo, ningependa zikodishwe kwa mkataba wa muda, kwa sharti kwamba hakijengwi kitu cha kudumu, kwa sababu ardhi iliyokwisha kuingia kwenye hati ya mtu hairudi bila fidia, nayo fidia hiyo tutailipa sisi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Halmashauri ni msimamizi, na msimamizi hagawi kwa kumwonea mtu haya.

Kwa hili la kwetu, naomba geti lifunguliwe kwa miezi sita, mfereji uzibuliwe, taa moja ifungwe, kisha afisa mipango miji aje asubuhi ya siku ya shule ahesabu wanaopita. Tangazo la ombi libandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa pamoja na vipimo na mchoro wake, na mkutano wa wakazi uitishwe kabla ya kikao cha madiwani, si baada yake. Na mpimaji akija, aanze kwa kubomoa lile zege ili jiwe la mpaka lionekane lote.

Mkazi wa Magomeni,
Dar es Salaam