Barua kwa Vijana wa Zamu ya Usiku

Wanangu,

Shikamoo zenu nilizipokea Jumapili mlipokuja barazani kwangu, na malalamiko yenu nikayapokea pia. Mlikuwa saba, mkasema wote kwa mpigo mpaka chai ikapoa. Sikuwajibu siku ile kwa sababu kuna jambo langu mwenyewe lilinikaba. Naliandika sasa, tena hadharani, maana viwanda vya Morogoro ni vingi na yanayowapata nyinyi yanawapata na wengine.

Mlisema ova taimu inaandikwa pungufu. Mlisema anayekwenda msalani anahesabiwa dakika. Hayo mliyataja mmekaa. Mlipofika pale msimamizi anapowaita ng'ombe mbele ya mashine, watatu mlisimama. Sikushangaa. Mshahara mdogo mtu huupangia hesabu akaishi nao, lakini dharau hulala nayo na kuamka nayo.

Ni ugonjwa wa zamani huo. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati ule, ilipotoa waraka wake wa Mwongozo, ibara ya 15 ilimpiga kiongozi marufuku kuwa na majivuno na dharau. Marehemu baba, aliyekuwa kibarua Dar es Salaam, aliijua ibara hiyo kwa moyo. Wafanyakazi waliishika wakawafungia nje mameneja wao, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakichukua kiwanda chenyewe. Muda si mrefu dola ikachoka na vuguvugu lile, likazimwa. Baba alikuwa akisema walikuwa na maneno mazuri, karatasi hawakuwa nayo.

Nyinyi karatasi mnayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Mtu hafukuzwi kwa hasira za bosi. Anaambiwa kosa lake, anapewa muda usiopungua saa 48 ajiandae, na kwenye kikao anakuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Akifukuzwa kwa uonevu, ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Siku 30, wanangu. Hapo ndipo penye deni langu.

Mwaka 2011 nilikuwa msimamizi wa zamu. Meneja alimtukana binti mmoja wa idara ya kufungasha, tusi la kumtaja mama yake, mbele ya watu wapatao ishirini. Binti akamjibu, kwa adabu kuliko ambavyo ningejibu mimi. Jioni ile akaambiwa asirudi. Kikao hakuna, barua hakuna. Kesho yake nikaletewa karatasi inayosema ameacha kazi bila taarifa, nitie sahihi kama msimamizi wake. Nikatia. Nilikuwa na mtoto kidato cha tatu na ada haijalipwa, nikajiambia hiyo inatosha kuwa sababu.

Sote tulimpa pole. Tulimchangia hata nauli ya kwenda kwao. Hakuna aliyemwambia habari ya siku 30, na mimi nilikuwa nazijua. Alipofika Tume alikuwa amechelewa, akatakiwa kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu. Akaulizwa nani alisikia tusi. Akataja jina langu. Sikwenda.

Basi mnapokuja kwangu mkiniita mzee wa busara, nasikia aibu kidogo.

Nawaomba hivi. Kila mmoja anunue daftari. Ukiingia zamu andika saa, ukitoka andika saa. Ukitukanwa, andika neno lenyewe lilivyo, tarehe, na majina ya waliokuwepo. Usiandike "alinivunjia heshima," kwa sababu hilo halimwambii mtu kitu. Mkipeleka lalamiko, lipelekeni kupitia mwakilishi wa chama tawini na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na Mkataba wa Hali Bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, uliobandikwa kantini, usomeni. Mimi niliupita miaka mingi nikidhani ni tangazo la mazishi.

Wale wawili ambao hawajatimiza miezi sita kazini wasitangulizwe mbele. Ulinzi dhidi ya kufukuzwa kwa uonevu bado hauwahusu, na mwajiri analijua hilo. Waandike madaftari yao, wanyamaze, wakubwa waseme.

Kuna mmoja wenu nasikia atapewa usimamizi mwezi ujao. Hongera, mwanangu. Siku chache tu utaanza kuitwa mnoko, ni kawaida, vumilia. Ila itafika siku utaletewa karatasi ya mtu ambaye hayupo chumbani. Mwombe aliyeileta akuachie mpaka kesho. Akikataa kuiacha hata usiku mmoja, umeshajua iliyomo.

Yule binti nilimtafuta baada ya kustaafu mwaka 2015. Alinikaribisha, akanikatia nanasi, tukazungumza habari za watoto. Nilipoanza kuomba radhi alinyanyuka akaenda kuchochea moto, akakaa huko muda mrefu.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa kumi jioni. Njooni na madaftari, na safari hii mzungumze mmoja mmoja.

Mzee wenu,
Morogoro