Kabla hujaicheza hiyo V-Disc, tafadhali isome lebo

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kwetu, anayeishi hapa Ohio, aliingia dukani kwetu, tunakohamishia santuri za zamani kwenye kompyuta, amebeba kasha la santuri 11 alizonunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku bado ameliinamia kasha lake. "Mwanangu, moja nimeiweka kwenye pleya ya nyumbani. Kitu kinakoroma!"

Niliitoa kwenye karatasi. Lebo nyekundu, nyeupe na buluu, V kubwa, na maandishi yanayokataza kuitumia redioni au kibiashara. V-Disc, santuri za jeshi la Marekani, zilizotolewa kuanzia 1943 hadi 1949 kwa ajili ya askari tu.

Hapa ndipo wengi wanapoingia mkenge. Ina upana wa inchi 12 kama LP, ile santuri ndefu ya kawaida, na nyingi ni za vinili, plastiki inayopindika kidogo mkononi, kwa hiyo mtu anaiweka kwenye mizunguko 33 kwa dakika. Hii ni ya 78! Isitoshe, mfereji wake ni mpana. Sindano ya LP inazama hadi chini na kuburuza vumbi la miaka 80. Inatakiwa sindano yenye ncha nene takriban mara tatu ya hiyo.

Na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono? Hapana. Mkono wake mzito na sindano ya chuma vinalima vinili kama jembe. Jeshi lenyewe liliwapelekea askari sindano za chuma pamoja na santuri, ndiyo maana nyingi tunazopokea zinachakacha kabla hata hatujazigusa.

Kwa nini basi watu wanazisaka? Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwakataza wanachama wake kurekodi kwa ajili ya makampuni ya santuri. Mgomo uliendelea, studio zikapoa. Kapteni mmoja, Robert Vincent, aliyekuwa ndani ya mpango huu wa jeshi, akakiomba chama, nacho kikakubali wanamuziki warekodi bila malipo, kwa sharti kwamba santuri zisiuzwe na nakala mama, zile za kuchapia nyingine, ziharibiwe baadaye. Kwa hiyo kuna muziki wa miezi ile usioupata kwingine. Fats Waller, mpiga piano wa jazi, alirekodi V-Disc Septemba 1943. Desemba mwaka huohuo akafariki. Tena, santuri ya kawaida ya inchi 10 ilibeba dakika tatu hivi, wakati hizi hufika dakika sita na nusu upande mmoja. Mpiga saksafoni alipata nafasi ya kupumua.

Baada ya vita nakala mama ziliharibiwa kweli, na maofisa wakazifuatilia zile ambazo askari walirudi nazo nyumbani. Leo zinauzwa hadharani. Ila nisikudanganye: zilichapwa zaidi ya milioni 8, kwa hiyo hilo kasha huenda lisikulipie hata kodi ya mwezi. Ukitajiwa bei ya kutisha, omba kwanza kuisikiliza.

Sisi tunaziosha, tunazicheza kwa sindano yake, kisha tunakupa faili la kompyuta. Tunatoza kwa upande, si kwa santuri. Chache si za vinili bali za shelaki, utomvu mkavu uliotumika kwenye santuri za zamani. Hizo ni ngumu, na ukizigonga kwa ukucha zinalia kama sahani ya kaure. Usizifute kwa spiriti, inayeyusha shelaki.

Ile iliyokoroma tuliicheza inavyotakiwa. Kabla ya muziki akasikika mwanamuziki mwenyewe akiwasalimu askari. Mzee akanyanyua kidole: "Rudisha mwanzo."

Mkija, zisimamisheni wima ndani ya kasha, na msiziache kwenye gari juani. Mbili kati ya zile 11 zilikuwa zimejikunja kama chapati, na hizo hatukuweza kuzisaidia.