Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kuacha namba sita

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Mtwara. Sisi hatujambo, bibi yako anakuulizia kila uchao. Mama yako kanieleza kwamba umenuniana na kocha huko Nachingwea: unataka akutoe namba sita, yaani kiungo mkabaji, akupeleke mbele, winga au namba kumi, popote pale mradi jina lako litajwe. Ningeweza kukupigia simu. Nimeamua kuandika mbele ya watu kwa sababu kila kijiwe cha mpira, kuanzia Mikindani hadi Ruangwa, kina kijana mwenye manung'uniko hayohayo, na wajomba wengine hawana subira ya kujibu.

Nataka tuongee habari za Claude Makélélé, namba sita wa Ufaransa. Alitundika daluga mwaka 2011, wewe hata kamba za viatu ulikuwa hujui kufunga, kwa hiyo sikulaumu kwa kutomjua.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1973, akahamia Ufaransa na wazazi wake angali mtoto mdogo. Pale klabu ya Nantes hakuanza kama mkabaji. Alikuwa akicheza pembeni kulia, mtu wa mbio na chenga, na timu ile ilibeba ubingwa wa Ufaransa msimu wa 1994/95 ikiwa imepoteza mechi moja tu ya ligi. Akapita Marseille msimu mmoja, kisha Celta Vigo ya Hispania. Machi 2000 Celta waliikung'uta Juventus 4-0 kwenye Kombe la UEFA, na aliyefungua mvua ya mabao mapema kabisa alikuwa yeye. (Mawili alitia Benni McCarthy, huyuhuyu aliyekuja kuifundisha Harambee Stars ya Kenya.) Kwa hiyo usiniambie namba sita hupewa asiyejua mpira. Huyu mbele alikuwa anapajua, akarudi nyuma.

Real Madrid walimchukua mwaka huo wa 2000. Figo alikuwa ameshatua, Zidane akaja 2001, Ronaldo wa Brazil 2002, Raúl ni mwenyeji, na kushoto yupo Roberto Carlos, ambaye ubeki wake ulikuwa wa kwenye karatasi tu. Wote hao wanapanda. Mpira ukipotea, nani yuko nyuma? Hapo ndipo ilipokuwa kazi yake. Na wengi wetu tuliokuwa tukibanana kwenye vibanda umiza tulidhani kazi yenyewe ni kukwanyua watu. Sivyo. Alikuwa anafika mahali kabla mpira haujafika. Roberto Carlos akipanda, yeye anasogea kushoto hatua chache, hakuna anayemwangalia. Adui akipora na kutafuta upenyo ule, anakuta mtu kasimama. Akishaupata mpira hana makuu: pasi fupi kwa aliye karibu, basi. Wakabeba La Liga 2001 na 2003, na Ligi ya Mabingwa 2002.

Halafu akaomba nyongeza ya mshahara. Alikuwa analipwa kidogo sana ukilinganisha na mastaa aliokuwa akiwafagilia uwanja, na rais wa klabu, Florentino Pérez, hakutaka. Kiangazi cha 2003 David Beckham akaingia kwa shangwe, Makélélé akauzwa Chelsea ya Uingereza kwa pauni milioni 16 na ushee. Pérez akasema hadharani kwamba klabu haitaona pengo lake, kwamba pasi zake nyingi ni za nyuma au za pembeni. Msimu uliofuata Madrid walipoteza mechi tano za mwisho mfululizo, wakamaliza wa nne, na ubingwa wa ligi hawakuuona tena mpaka 2007. Watu hupenda kumpa Makélélé sifa yote ya anguko lile. Mimi naona wanazidisha, kwa sababu kocha Vicente del Bosque naye alitimuliwa mara tu baada ya kuleta ubingwa, na nahodha Hierro akaondoka. Ila sehemu kubwa ni yake.

Wewe umekulia kwenye mikorosho, unajua. Anayepuliza salfa mashambani kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga hapigwi picha siku ya mnada wa korosho.

Chelsea ndipo nafasi yenyewe ilipopewa jina lake; mpaka leo Waingereza wakimzungumzia mkata umeme, yaani namba sita, wanamtaja yeye. Msimu wa 2004/05 chini ya kocha Mourinho waliruhusu mabao 15 katika mechi 38, wakatwaa ubingwa kwa pointi 95. Hapa tulia, maana ndipo lilipo somo la kocha wako. Timu nyingi za Uingereza wakati ule zilipanga viungo wawili katikati. Chelsea walipanga watatu, Makélélé nyuma ya wenzake wawili. Kiungo wa adui akimfuata yeye, kiungo mwenzake Lampard anabaki huru. Wasipomfuata, anapokea mpira bila bughudha na kuamua mchezo uende upande gani. Lampard alifunga mabao 13 ya ligi msimu ule, na haya mabao unayoyalilia wewe, mengi yalianzia kwenye miguu ya mtu asiyefunga.

Yeye mwenyewe Chelsea alifunga mawili tu ya ligi katika miaka mitano. La kwanza lilikuwa Mei 2005 dhidi ya Charlton, ubingwa ukiwa umeshapatikana. Dakika za mwisho ikatokea penalti, wenzake wakamwachia apige. Kipa akapangua! Akauwahi mpira uliorudi, akafunga, wakamrukia kama wamebeba kombe la pili.

Ufaransa alistaafu timu ya taifa, akarudi 2005 pamoja na Zidane na Thuram, na mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la Dunia. Walifungwa na Italia kwa penalti.

Sasa nakutuma. Tafuta mechi za Chelsea za miaka ile, weka bando, uangalie mechi nzima, si vipande vya mabao. Usiufuate mpira kwa macho. Mfuate namba nne mgongoni, uone anakwenda wapi wakati timu yake inashambulia. Kisha rudi kwa kocha, umsalimie kwa heshima, umuulize anataka usimame wapi beki wa kushoto akipanda.

Na suala la fedha silipuuzi. Makélélé aliona thamani yake, akadai haki yake, na waliomnyima walimkosa. Klabu ya Namungo ilipanda Ligi Kuu 2019 ikitokea hapohapo jirani Ruangwa, kwa hiyo siku moja mtu atakuja na karatasi ya mkataba. Usitie sahihi kabla sijaisoma. Mama yako nimeshamwambia.

Mjomba wako,
Mtwara