Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Huu Tumehangaika na Wakopiaji

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi.

Mambo ya pesa mweka hazina ataleta mwenyewe, uchaguzi wa kamati ulipita salama na wanachama wapya tumewapokea. Mimi nataka niongelee kazi zetu kukopiwa kwenye hizi dunia za mtandaoni tunakofanyia maonyesho, manake hilo ndo limetula mwaka mzima.

Nianze na mwenzetu mmoja, mchoraji wa picha za ukutani. Siku hiyo alikuwa anatembea tu kwenye dunia ambayo hajawahi kuuza kitu, akaingia galari ya watu asiowajua akakuta picha yake imetundikwa ina jina la mtu mwingine. Alinipigia usiku sauti inatetemeka. Nikaingia na mimi, nikasogeza kamera mpaka picha ikajaa skrini, na kweli chini kushoto kulikuwa na kale kamchirizi ka bluu, pale brashi ilipomponyoka siku anachora na akakaacha. Mwizi alikuwa amebeba mpaka kosa.

Alichoniambia ni kile wengi mnaniambia, "lakini mwenyekiti mimi niliifunga isikopiwe." Jamani naomba hapa tuelewane vizuri. Chukua Second Life, dunia ya mtandaoni ambayo ipo tangu 2003, watu wanatembea humo na kuuziana vitu, pale kitu unakipa ruhusa tatu, kukopi, kubadilisha na kumpa mtu mwingine, ukizima ya kukopi mnunuzi wa kawaida hawezi kukitoa nakala. Sasa ili mtu aione picha yako lazima seva, yaani kompyuta ya kampuni, iitume kwenye kompyuta yake, ikishafika kule ipo kwenye memori na kwenye kadi ya picha, na mwenye programu ya kuichomoa anaichomoa, zile ruhusa zako zinabaki kwenye seva. Novemba 2006 ilipotokea CopyBot, programu ya kukopi vitu vya watu humo Second Life, wenye maduka walifunga maduka yao kupinga, kampuni yenye Second Life ikatangaza kwamba kuitumia kukopi kazi za watu ni kuvunja masharti na akaunti inaweza kufungiwa. Hiyo ilisaidia kumwadhibu mtu lakini njia ya kuchomoa haikuzibika, na haizibiki, kinachoonekana kinachukulika. Kwahiyo mtu akikuuzia kinga ya asilimia mia usimpe hela yako, na hata NFT, ile hati ya kidijitali wanayouza mtandaoni, ni kumbukumbu tu ya nani kanunua, picha yenyewe yeyote anaiseivu.

Sasa turudi kwa mwenzetu. Kilichomwokoa ni faili lake la asili lenye leya zote, yaani tabaka za mchoro, michoro ya mwanzo ya penseli, na barua pepe aliyonitumia mwenyewe kuniomba maoni picha ikiwa nusu. Haki alikuwa nayo tayari, manake kwa Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kazi inalindwa ikishatengenezwa tu bila kusajiliwa popote, ila haki bila ushahidi inachosha. Kampuni yenye dunia ile alikoikuta picha iko Marekani, tukaandika notisi ya kutaka nakala ishushwe kwa ile sheria yao ya 1998 ya hakimiliki za kidijitali, tukaweka linki za kazi halisi, mahali nakala ilipo, tamko la kwamba yeye ndo mwenyewe na sahihi yake. Mara ya kwanza wakaturudishia kwa sababu tuliandika jina la galari bila kuonyesha kitu chenyewe, hilo kosa lilikuwa letu na lilitugharimu wiki. Ya pili picha ikashushwa. Na mjue aliyelalamikiwa anaweza kupeleka notisi ya kupinga, akipeleka kampuni inaweza kuirudisha kazi ndani ya siku 10 mpaka 14 za kazi, labda wewe uwe umefungua kesi, kwahiyo usimlalamikie mtu kwa hasira kama huna uhakika.

Kuanzia mwaka huu kamati imekubaliana hivi, maonyesho yote ya chama picha zitapandishwa kwa saizi ndogo, inayotosha kuangalia kwa macho lakini ukitaka kuichapa kubwa inakuvunjikia. Faili kubwa anapewa mnunuzi peke yake. Najua wachoraji wa vitu vidogovidogo hamkufurahi, na mimi inaniuma kuona kazi ya miezi inaonyeshwa ikiwa na ukungu, tutaangalia tena kikao kijacho. Alama ya maji, yaani jina la mwenye kazi kuandikwa kwa kufifia katikati ya picha, nimeikataa mimi mwenyewe, inaharibu kazi na mwenye nia anaifuta.

Jambo moja limenisumbua sana, kuna wenzetu wawili walikutwa wanatumia tekscha za mtu, zile picha za kufunika juu ya maumbo, bila leseni, walidhani ni za bure. Wamezitoa na wamemwomba radhi mwenyewe. Kama hujui tekscha umeitoa wapi, usiipandishe.

Katibu ameshafungua folda ya kila mwanachama. Leteni faili zenu za asili na tarehe zake kabla ya maonyesho yajayo, mpaka naandika hapa folda nyingi bado tupu.