Kabla hujakodi trekta letu kusogeza udongo

Simu nyingi tunazopokea kutoka vijiji vya kuzunguka Morogoro huanza hivi: "Nina kiwanja changu, kina mteremko, nataka kijiko, ile mashine ya kuchimba, kije kisawazishe. Bei gani?" Sisi hujibu kwa swali. Udongo unatoka wapi, unakwenda wapi, na katikati ni hatua ngapi? Wateja wengi hushangaa, maana walitarajia bei. Lakini bei iko kwenye umbali huohuo. Kuchimba kuna gharama yake, ila kinachomaliza pesa za watu ni safari, na zaidi ya safari ni kuhamisha udongo uleule mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulimwagwa mahali pasipotakiwa.

Tuchukue kiwanja cha nyumba ndogo. Unataka sehemu tambarare ya mita 12 kwa 10, na ardhi inashuka mita moja ndani ya zile mita 10. Fundi mmoja atakuambia ununue kifusi, uinue upande wa chini mpaka ulingane na wa juu. Piga hesabu: hizo ni mita za ujazo 60 zikiwa zimeshindiliwa, na kwa kuwa udongo uliochimbuliwa huvimba kwa robo hivi, utaagiza kama 75. Sasa fanya njia nyingine. Kata upande wa juu nusu mita, jaza upande wa chini nusu mita, katikati usiguse. Utahamisha mita za ujazo 15 tu, na hakuna udongo utakaosafiri zaidi ya mita 10. Kiwanja ni kilekile, na hata tripu moja ya kifusi hujanunua.

Tahadhari moja hapo: ule upande uliojazwa usiuamini kubeba ukuta. Msingi ushuke mpaka ufike ardhi ya asili, hata kama utakuwa mrefu upande huo. Na kujaza kwenyewe kufanywe kwa tabaka za sentimita 15, unamwagia maji kiasi, unashindilia, ndipo unaongeza tabaka nyingine. Ukimwaga nusu mita yote kwa mpigo na kupita na shindilio juu juu, sakafu itazama baada ya masika ya kwanza, na hapo tutaitwa kwa kazi ambayo hatuipendi.

Mita za ujazo 15 hizo hazihitaji mashine. Katika kazi za barabara za nguvu kazi, kibarua mmoja kwenye udongo wa kawaida hupangiwa kuchimba mita za ujazo 3 hadi 3.5 kwa siku, na kwenye udongo laini hata 5. Anayesukuma toroli ndani ya mita 20 anaweza kusogeza kama 8. Kwa hiyo watu wanne wanaojua kazi wanamaliza kuchimba na kusogeza ndani ya siku mbili, ukiwapa kazi ya kipande badala ya kuwalipa kwa siku. Kushindilia kutaongeza siku nyingine. Kijiko nacho kitakutoza gharama ya kuletwa na lori, kisha kima cha chini cha saa ambazo utalipa hata kama kimemaliza mapema. Kwa kazi ndogo kama hii, ile gharama ya kuletwa peke yake inaweza kulingana na ujira wa vibarua wote.

Toroli lina ufundi wake, na hapa ndipo tunapoona nguvu za watu zikipotea. Toroli la kawaida hubeba lita 60 hivi. Ujaze udongo wenye unyevu, lina uzito wa kilo 100. Likipita kwenye tifutifu, gurudumu linazama na msukumaji anamaliza pumzi kabla ya saa nne asubuhi. Tandika mbao ziwe njia. Pakia mzigo ukaribie gurudumu, usirundike upande wa mishikio, ili mikono isibebe kazi ya gurudumu. Panga njia iwe mteremko wakati wa kwenda na mzigo, kupanda iwe wakati wa kurudi tupu. Na kila mchimbaji awe na matoroli mawili, moja likiwa linajazwa huku jingine liko njiani. Ukiona saiti ambayo msukumaji amesimama akingoja kujaziwa, ujue unalipa mtu kusimama. Kutoboka kwa tairi ndiyo kero kubwa ya maeneo yenye miiba, kwa hiyo matoroli yetu ya kukodi hutoka na pampu na kiraka.

Karai lina nafasi yake pia, hasa mahali pa kupanda ngazi au kupita kichochoro. Ila kwa umbali wa zaidi ya mita 20, mbebaji wa karai hashindani na toroli.

Barabara ya kuingia kwako ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na watu wanaifanya kuwa ghali. Usianze na kifusi. Chimba mitaro pande zote mbili, udongo wake utupe katikati, usambaze mpaka mgongo wa barabara uwe juu na maji yashuke pembeni. Udongo haukusafiri hata mita tatu. Ndivyo zilivyojengwa barabara nyingi za vijijini Kenya chini ya mpango ulioanza mwaka 1974, kwa majembe na matoroli. Baada ya hapo ndipo uagize tripu chache za moramu, yaani udongo wenye changarawe, kwa sehemu zinazoteleza tu. Ukimwaga moramu kwenye njia isiyo na mtaro, mvua za vuli zitaibeba na kuipeleka kwa jirani.

Shambani kwenye mteremko mkali tunapenda zaidi kumwachia mvua kazi. Njia ya fanya juu, inayotumika sana Machakos nchini Kenya, ni kuchimba mtaro unaofuata kontua, yaani mstari wa kimo kilekile kukatiza mteremko, na kurushia udongo upande wa juu uwe tuta. Panda majani kwenye tuta. Mvua na jembe vitateremsha udongo kidogo kidogo hadi tuta, na baada ya misimu kadhaa una ngazi ambayo hukuichimba. Wazee wa milima ya Uluguru wanakumbuka njia iliyo kinyume chake: mwaka 1955 wakulima waligomea agizo la serikali ya kikoloni la kuchimba matuta ya ngazi. Siasa ilikuwamo, kazi ilikuwa nzito, na kuna jambo la udongo ambalo bado lina kweli: ukikata ngazi ghafla kwenye ardhi yenye udongo mzuri mchache, unaufukia ule mweusi wa juu na kuacha mwekundu usiootesha. Kwa hiyo popote unapokata, kwanza kwangua sentimita 15 hadi 20 za juu, zirundike pembeni, uzirudishe mwishoni kwenye bustani. Udongo huo chini ya nyumba ni hasara mara mbili, maana una mizizi na mboji zinazooza na kuacha utupu.

Huku chini upande wa Mkata na Kilosa tatizo ni jingine: udongo wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia kiganja, masika unavimba na kunata kwenye viatu. Usiujazie chini ya sakafu wala usiuweke barabarani, hata kama jirani anakupa bure. Hapo kweli inabidi kuleta udongo wa nje.

Basi trekta linaingia lini? Umbali ukizidi mita 150 au 200, toroli linachoka na trela linaanza kulipa. Trela letu linachukua mita za ujazo 3. Linapakiwa kwa beleshi, na kuinua udongo hadi ukingo wa trela ndiko kunakochelewesha. Kama una mahali pa kuchimba kwenye ukingo wa ardhi iliyoinuka, tutakuomba vibarua wachimbe njia ya kushukia ili trela likae chini na udongo uangushwe ndani badala ya kurushwa juu. Ukiwa na kazi kubwa, chukua trela mbili kwa trekta moja, moja lipakiwe huku jingine linakwenda. Kwa umbali mfupi lipa kwa tripu. Kwa siku nzima yenye vibarua wako wa kutosha, lipa kwa siku. Tukikubaliana tripu, tukubaliane pia kama ni kujaza usawa wa ubao au kurundika, kabla ya trela la kwanza kuondoka.

Hata ukinunua kwa wenye matipa, pima bodi yake kwa futi kamba: urefu, upana, kimo. Bodi ya mita 3.5 kwa 2 kwa 0.6 inabeba mita za ujazo 4.2, hata kama dereva anasema tano. Na usichimbe mchanga mtoni ili kuokoa pesa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Kwenye miteremko hatupeleki trekta kuanzia Machi mvua ikishaanza mpaka ardhi ikauke, kwa sababu trela lenye tani nne likiteleza humwangusha dereva pamoja na trekta. Kabla ya kupiga simu, simika vigingi kwenye kona nne, pima tofauti ya juu na chini kwa mpira wa maji, yaani mpira mwangavu uliojazwa maji ambao ncha zake mbili huonyesha usawa mmoja, utumie vipimo na picha mbili kwa WhatsApp. Kama kazi ni ya toroli, tutakukodisha toroli.