Niliambiwa hapa hatutafuti mchawi, sasa nina barua ya mashtaka

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni daktari, nina miaka 36 na watoto wawili. Niko mwaka wa pili kati ya mitatu ya masomo ya ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake. Kabla ya kuja chuoni nilifanya kazi wilayani miaka sita, na halmashauri ile ile ndiyo iliyonipa ruhusa ya masomo na inayoendelea kunilipa mshahara. Nayataja haya mapema kwa sababu shida yangu inaanzia hapo. Nina mabwana wengi, na sijui anayenishtaki ni yupi.

Chuo kinaniita mwanafunzi. Hospitali ninakofanyia mafunzo inaniita rezidenti mchana, ila ikifika saa nane usiku inaniita daktari wa zamu, na hapo hakuna anayekumbuka kwamba nimekuja kusoma. Halmashauri inaniita mtumishi. Halafu lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo leseni yangu iko mikononi mwake.

Niueleze usiku wenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na mimi ndiye rezidenti pekee wa zamu wodi ya wazazi. Saa saba na dakika arobaini nilikuwa thieta nikimfanyia mama upasuaji, mtoto alikuwa amechoka tumboni na mapigo ya moyo yameshuka. Simu ya thieta ikalia. Alikuwa intani wangu, daktari mpya aliye kwenye mafunzo ya vitendo, kijana mwenye wiki tatu tu wodini. Akasema kuna mama aliyejifungua kawaida saa saba na robo, anavuja damu nyingi na kizazi hakikazi. Sista alinishikia simu sikioni kwa sababu mikono yangu ilikuwa tumboni mwa mtu. Nikamwambia intani akande kizazi, aweke dripu ya oksitosini ya kukaza kizazi, atoe traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, achukue sampuli akaombe damu. Kisha nikamwomba sista ampigie bingwa wa zamu kwa simu yake, aweke spika. Wote mle ndani tulimsikia: "Malizeni hapo, mnipigie mkitoka."

Nilimaliza, nikafika wodini saa nane na dakika arobaini. Saa hiyo niliiandika kwenye faili kwa mkono wangu. Traneksamiki ilikuwa bado haijatolewa. Dawa hiyo inatakiwa iingie ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu ya kumsaidia. Wodini ilikuwa imeisha, ndugu walikuwa wametumwa kuisaka maduka ya nje usiku ule. Damu ilipatikana chupa moja. Tulihangaika naye hadi karibu na alfajiri, ndipo akaitwa bingwa mwingine, akaondoa kizazi.

Mama yule yu hai. Ana miaka 23, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Sitaki nijisafishe kwako, maana ushauri wa mtu aliyedanganywa hauna kazi. Nilikosea mawili. Orodha ya zamu ina bingwa wa kwanza na wa pili, na utaratibu wetu unasema wa kwanza asipofika unampigia wa pili. Mimi nilimpigia wa pili kwa kuchelewa mno, nadhani kwa woga wa kuonekana nimemruka mkubwa wangu. Na nilimwachia mtoto wa watu, intani wa wiki tatu, mama anayevuja damu, bila kumwambia amwite mkunga mkuu wa zamu asimame naye. Haya mawili ndiyo yananiamsha usiku.

Wiki iliyofuata idara ilifanya kikao cha kupitia kesi. Vikao hivi huanza kwa mwenyekiti kusema maneno yale yale: "Hapa hatutafuti mchawi, tunajifunza." Basi nikasimama, nikayasema hayo mawili mbele ya watu wasiopungua ishirini, nikamtaja na bingwa aliyesema tumpigie tukitoka, kwa adabu, bila jina. Waliniambia asante kwa ukweli. Baadhi ya wenzangu walinishika bega.

Siku kumi na moja baadaye, Ijumaa jioni, nikapewa barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu Jumatatu asubuhi. Ina mashtaka mawili: kuondoka kituo cha kazi wakati wa zamu, na kutomjulisha msimamizi. Yaani makosa niliyokiri hayamo, yamo nisiyoyafanya. Lakini aya ya tatu inasema, "kama ulivyokiri mwenyewe katika kikao cha idara". Mama, nilisoma mstari ule nikakaa chini sakafuni.

Barua haikuambatanishwa na kitu. Hakuna malalamiko ya ndugu, ingawa nasikia waliandika, hakuna nakala ya faili, hakuna maelezo ya intani. Fomu niliyotakiwa kujaza inauliza jina la mzazi au mlezi wangu na bweni ninaloishi. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Ni kanuni za wanafunzi zile zile zinazotumika kwa kijana aliyeingia na karatasi chumba cha mtihani au aliyepigana bwenini, ndizo hizo zinataka kupima kama nilipaswa kuwa thieta au wodini saa saba na dakika arobaini usiku.

Kwa bahati kikao kimeahirishwa hadi mwisho wa mwezi, mwenyekiti amesafiri. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia.

Katikati ya kusubiri, mratibu wa mafunzo akaniita ofisini. Ni mtu mzima, ninamheshimu, ndiye aliyenifundisha kushona kizazi. Akanipa karatasi iliyokwisha kuchapwa, kwamba mimi fulani nakiri kutelekeza zamu yangu na kutomjulisha msimamizi, naomba radhi, sitarudia. "Mwanangu," akasema, "haya ni mambo ya ndani. Saini, upewe onyo, usonge mbele na tasnifu yako. Ukianza kuleta wanasheria hapa, mtihani utaufanyia wapi?"

Sidhani alikuwa ananitisha. Nadhani alikuwa ananihurumia, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu alichosema ni kweli. Bingwa wa zamu ya usiku ule ni mmoja wa watakaosimama kando ya kitanda na kunihoji kwenye mtihani wa vitendo. Wanaonifundisha, wanaonipima na wanaonihukumu wanakunywa chai meza moja. Kwetu sisi sapu, yaani kurudia mtihani, si aibu ya wiki mbili, ni miezi sita ya maisha, na ukidisko, yaani ukiondolewa masomoni, unarudi wilayani kukutana na macho ya waliokuaga kwa kuku na vitenge.

Hata hivyo, onyo la ndani litabaki ndani? Chuo kinaripoti maendeleo yangu kwa mwajiri. Mwajiri ana taratibu zake za nidhamu kwa mtumishi wa umma. Na ndugu wa mgonjwa hawazuiwi na mtu kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari, ambalo chini ya sheria ya mwaka 2017 linaweza kuonya, kusimamisha leseni au kufuta jina kwenye rejesta. Siku hiyo mtu akitoa karatasi yenye saini yangu inayosema nilitelekeza zamu, nitasema niliisaini ili nimalize masomo?

Kuna kisa ambacho sisi rezidenti tunakisimulia sana, cha Dk. Hadiza Bawa-Garba wa Leicester, Uingereza. Alikuwa bado mafunzoni kwenye magonjwa ya watoto pale mtoto wa miaka sita, Jack Adcock, alipofariki mwaka 2011. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2015. Mwaka 2017 jopo la nidhamu likamsimamisha miezi 12. Baraza lao la madaktari likaona haitoshi, likaenda Mahakama Kuu, na Januari 2018 ikaamuliwa afutwe kabisa. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ikatengua na kurudisha ile adhabu ya kusimamishwa. Kesi yangu si ya ukubwa huo, wala sijilinganishi naye. Ila kosa moja lilipita kwenye mizani kadhaa, na kila mizani ikasoma uzito wake. Na madaktari wengi walio mafunzoni kule walibaki na hofu ya kuandika tafakuri za makosa yao, wakijiuliza kama siku moja zitasomwa dhidi yao. Hofu hiyo mimi nimeipata bila kupanda ndege.

Shemeji yangu ni wakili. (Wa kesi za ardhi, lakini hajinyimi kutoa maoni.) Amenifungulia Katiba ibara ya 13(6)(a), inayosema haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Anasema siku mbili za wikendi bila karatasi hata moja si kusikilizwa kwa ukamilifu, na niandike kudai nyaraka zote kabla sijafungua mdomo. Anataka pia nianze na kipengele kwamba kamati ya wanafunzi haina mamlaka juu ya kazi ya daktari mwenye leseni. Mimi naona hapo atanichongea ugomvi mkubwa kuliko nilio nao.

Ushahidi ninao. Rejesta ya thieta inaonyesha jina langu kama mpasuaji, na saa ya kuanza na kumaliza. Faili lina mwandiko wangu. Kuhusu simu kwa bingwa, ushahidi ni simu ya sista na masikio yake. Nilimfuata. Akaniambia, "Daktari, mimi sitasema uongo wakiniuliza. Ila naomba usiwe wewe unayewaambia waniulize." Ana miaka minne astaafu, na bingwa yule ndiye mkuu wa thieta yao. Nikamwelewa, nikaondoka, na sasa sijui nifanye nini na kuelewa kwangu.

Kwa hiyo, Mama, naomba unisaidie haya. Nikikataa karatasi ile, je, naweza kuandika maelezo yangu mwenyewe yenye makosa yangu mawili ya kweli, au nitakuwa nimewapa kamba nyingine? Mume wangu anasema nisikiri chochote kabisa. Mimi siwezi, yule mama nilimwona uso kwa uso alipoambiwa kizazi hakipo. Pili, nimweleze mwajiri wangu sasa, au nisubiri asikie mwenyewe? Mganga mkuu wa wilaya ni mtu mwema, lakini barua hupita kwa mkurugenzi, na mkurugenzi simjui. Tatu, nifanyeje kuhusu sista? Jina lake naweza kulitaja kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo inayoweza kuniokoa.

Kuna na jingine, ingawa si swali hasa. Jana usiku nilikuwa zamu tena. Intani yule yule alinipigia simu mara sita kwa mama ambaye hakuwa na tatizo lolote, mara ya mwisho sauti ikitetemeka. Asubuhi akaniuliza kama anatakiwa kuandika kwenye faili kila saa aliyonipigia. Nikamjibu ndiyo, andika, na andika na nilichokujibu.

Karatasi ya kukiri ipo kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Sijaisaini wala sijaichana.

Wako,
Rezidenti wa wodi ya wazazi